Mbwa wa Panya wa Mama Manka

Mama Manka alipofariki nilipata ujumbe kwenye simu kutoka namba nisiyoijua, nikaenda msibani Ilala nikiwa nimeshajiapiza kwamba sitalia. Na kweli sikulia. Nilikaa chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki, sahani ya wali mapajani, nikawasikiliza wanawake wa jumuiya yake wakimsifu: mcha Mungu, mchapakazi, mkono wazi, tena alipenda wanyama jamani, hata mbwa aliwalea kama watoto wa kuzaa. Hapo kwenye mbwa nikacheka. Halikuwa cheko la furaha, lilinitoka tu kama chafya, na wali ukanipalia. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akanipiga mgongoni akaniuliza, "We ulimfahamuje marehemu?" Nikamwambia nilifanya kazi kwake mwaka mmoja, Kariakoo, nikiwa na miaka ishirini na nne. "Basi atakuwa alikutendea mema," akasema. Nikamjibu ndiyo, alinitendea mema, na huo haukuwa uongo. Nikaweka sahani chini, nikaondoka kabla ya salamu za rambirambi, maana najijua. Ulimi wangu ulishawahi kuvunja watu mifupa, na siku ile ulikuwa unawasha.

Duka lake lilikuwa la jumla. Chupa za chai, mabeseni, masufuria yaliyopangwa moja ndani ya jingine mpaka darini. Juu ya duka palikuwa na ghorofa nne za watu na stoo zao, na juu ya yote, kwenye paa la zege, vyumba viwili vya matofali vilivyoezekwa bati. Kimoja changu, kingine cha mbwa niliowatunza. Mchana bati lile lilikuwa linatoa joto la kuokea mkate. Jikoni kwangu palikuwa na jiko la mkaa, kinu na mchi, na ndoo ya mchanga safi uliofunikwa kwa ungo. Mchanga ule ulikuwa wangu. Mimi ni Mwislamu wa Newala, na mate ya mbwa kwetu ni najisi. Kila jioni kabla ya magharibi nilinawa mikono mara saba, mara moja kwa mchanga, halafu nikaswali. Mama Manka, Mchaga wa Machame, Mlutheri wa kila Jumapili, hakuwahi kunicheka. Mchanga ukikaribia kwisha yeye ndiye aliyewaagiza makuli wanipandishie mwingine. Na nilipougua malaria mwezi wa pili wa kazi, alipanda ngazi zile zote na miguu yake mizito, akanipikia mtori wa ndizi kwa mkono wake, akanilisha kijiko kwa kijiko akinisema, "Kula, we binti, usije ukanifia huku juu nikapata kesi." Nilimpenda, siwezi kusema vingine.

Mbwa wenyewe walikuwa wadogo. Mtu akisikia mbwa wa kulinda stoo anafikiria jibwa, lakini hawa walikuwa na miguu mifupi, manyoya meupe yenye mabaka ya kahawia, na kimo cha kupita chini ya kiti. Mzungu mmoja aliyekuwa anaondoka nchini alimwachia Mama Manka wawili, dume Komando na jike Malkia, naye akagundua kitu ambacho wenye stoo wote wa mtaa ule walikuwa wanakililia. Panya wa Kariakoo wanajulikana. Wanamtazama paka usoni, na paka anaondoka. Mara ya kwanza nilipomwona Komando kazini tulikuwa kwenye stoo ya mchele ghorofa ya pili. Makuli waliinua gunia la mwisho, panya wakamwagika kama dengu, na yule mbwa hakubweka hata mara moja. Alidaka shingo, akatikisa mara mbili, akatupa, akadaka mwingine. Damu ilitapakaa kwenye magunia, kwenye ukuta, kwenye suruali za watu. Panya mmoja mkubwa alimng'ata pua akaning'inia hapo, na Komando alimgonga ukutani kwa kichwa chake mwenyewe mpaka akaachia. Makuli walishangilia kama wako uwanjani. Nilitapika kwenye kona, halafu nikarudi kuangalia.

Kila mwenye stoo akataka mbwa wa panya wa Mama Manka. Watoto wa Malkia walikwenda mpaka wakaisha, na Malkia akazeeka. Mama akafanya alivyoona ni akili. Alibakiza majike mawili makali kuliko wote, Sista na Binti, watoto wa Komando mwenyewe, akawarudisha kwa baba yao. Yeye aliita kurudisha damu nyumbani. "Ukali uko kwa Komando," aliniambia, anachambua mchele kwenye sinia huku mbwa wamelala miguuni pake. "Nikimpeleka Sista kwa dume la mtaani, ukali unakuwa nusu. Nikimrudisha kwa baba, unakuwa mara mbili. Hesabu ndogo tu hiyo, mwanangu." Nilimwambia kwetu hata mbuzi hatufanyi hivyo. Akacheka. Akasema mbuzi hawakamati panya.

Pale chini, mlangoni kabisa mwa duka, alikaa Bakari. Aliuza dawa ya panya, mende na kunguni kwenye meza ndogo, na alikuwepo pale miaka mingi kabla ya mbwa. Naye alikuwa wa Newala, mtu mzima kunizidi, mwembamba, kanzu safi siku ya Ijumaa, na kila mchana alipanda ngazi mpaka ghorofa ya kwanza akakaa kwenye kivuli cha zege ale chakula chake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mdogo wangu, akanikatia korosho. Tulitaniana sana. Nilimwambia atafute kazi nyingine maana mbwa wangu wameshamfilisi. Naye akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Hao mbwa wenu wananiharibia riziki. Siku moja nitawatilia kidogo kwenye maji, tuone nani atalala njaa." Watu wakacheka, nikacheka na mimi, na Mama Manka aliyekuwa dirishani hakucheka.

Halafu mbwa tuliowauzia watu wakaanza kuanguka. Wa kwanza alikuwa kwenye stoo ya vitenge, wa pili kwenye duka la sukari, wote wa miezi mitatu au minne. Tulisikia kwa wenyewe waliokuja kulalamika dukani: alikuwa mzima, anacheza, ghafla miguu ikakakamaa, povu, mwili moto kama pasi, akafa. Mtaa ukaanza kunong'ona. Mnong'ono ulisema kwamba anayeweza kumtilia mbwa leo, kesho atamtilia mtu kwenye mihogo. Hakuna aliyetaja jina, ila niliona wanawake wa chakula wakifunika masufuria yao Bakari alipopita.

Siku yenyewe nilikuwa nashuka na Kidoti, mtoto wa Sista, dume la miezi mitatu, kumwonyesha mnunuzi. Jua lilikuwa la saa saba. Bakari alikuwa kwenye ngazi zake, bakuli la maharage mapajani, chapati mkononi. Kidoti akamrukia, Bakari akamkatia kipande cha chapati akacheka, nami nikasimama kufunga kanga. Nilipoinua macho mbwa alikuwa anasugua uso wake kwenye sakafu, anausugua kwa nguvu kama mtu aliyemwagiwa pilipili. Halafu nikaona ngozi yake inatembea. Chini ya manyoya, mgongoni, mapajani, nyama ilikuwa inacheza vipande vipande, kama kuna wadudu wanapita ndani. Miguu ya nyuma ikakakamaa, akaanguka ubavu, povu likamtoka. Na mimi, ulimi hauna mfupa, sikufikiri hata sekunde moja. Nikaita, "Sumu. Bakari kampa sumu," nikamruka Bakari pale alipokaa, nikashuka mbio mpaka barabarani nikilirudia neno lile kila ngazi.

Makuli walifika kwanza. Walimshusha kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi moja baada ya nyingine. Alikuwa anasema, "Nisikilizeni, nisikilizeni," na mtu akampiga mdomoni kwa ubao wa kreti. Nilimwona kijana wa mkokoteni, mpole sana, aliyekuwa ananibebea maji, anamkanyaga mkono kwa kisigino akizungusha, kama anazima sigara. Meza yake ikapinduliwa, vipakiti vikatawanyika. Kisha Mama Manka akatoka dukani na watu wakampisha. Aliinama, na kuinama kwake kulikuwa kwa taabu, akaokota vipakiti viwili, akavipasua kwa meno akatema karatasi. "Mfungueni mdomo," akasema. "Aonje dawa yake." Wanaume wawili wakamkamata taya, na Mama akamimina unga ule, akamziba pua kwa vidole vyake vyenye pete mpaka akameza. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Macho ya Bakari yalikuwa yananitafuta, nami nikajificha nyuma ya mgongo wa mtu. Mkuki kwa nguruwe, wanasema, na siku ile nguruwe tulishampata.

Baadaye polisi walikuja wakaambiwa ni wananchi wenye hasira kali, na wananchi wenye hasira kali hawana jina wala anwani. Bakari akapakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali. Mimi nikapanda ngazi kumwokota maiti wa Kidoti. Nilimkuta amesimama. Zege la pale ni la kivuli, lina baridi, na mbwa alikuwa amesimama juu ya miguu yake minne, anayumba kidogo, mkia unatikisika, ameingiza pua kwenye bakuli la Bakari anamalizia maharage. Nilikaa chini. Nilijua palepale. Sikujua jina la ugonjwa wala sababu yake, lakini aliyekula sumu ya panya haamki baada ya saa moja akadai chakula, hilo hata mtoto analijua. Nilimbeba mpaka kwa Mama Manka nikamwonyesha. Alimtazama, mkono wake bado una unga mweupe kwenye kucha. "Mungu amemponya," akasema. "Kampandishe juu, umpe maziwa."

Kwa wiki nzima habari za wodini zilikuwa zinakuja dukani. Bakari anatapika damu. Bakari yuko hai. Mke wake alikuja kuomba meza ya mumewe, wakamwambia imeshapasuliwa kuni, na huyo mumewe akirudi Kariakoo ataongezewa tairi la moto. Alisimama hapo mlangoni na kanga imemkaa vibaya, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa tutakula wapi? Kazi yake ni hapa." Nilikuwa nafuta vumbi kwenye chupa za chai, na niliendelea kufuta chupa ileile mpaka alipoondoka.

Nikaanza kuchunguza, kwa sababu usingizi ulinikataa. Mama alikuwa ameshaninunulia kufuli la chumba cha mbwa, na ufunguo nilikuwa nao mimi tu. Chakula cha mbwa nilipika mimi, maji nilichota mimi. Ndani ya mwezi mmoja Kidoti akaanguka tena mara nne, na mtoto mmoja wa Binti akaanza. Nilijifunza kwamba hali ile huja wakati wa joto au wakiruka sana kwa furaha, kwamba huanza kwa kusugua uso, na kwamba nikiwahi kuwatumbukiza kwenye beseni la maji ya baridi wanarudi. Mtoto wa Binti sikumwahi. Nilikuta mwili una joto hata ukiugusa unataka kuondoa mkono. "Bakari amemwachia mtu kazi," Mama akasema. Nikamuuliza mtu huyo anapita wapi, tunduni mwa ufunguo? Akaniambia nisimjibu hivyo.

Nilikwenda kuwatafuta wengine. Mchikichini kulikuwa na mfanyabiashara wa viatu vya mitumba aliyemchukua ndugu yake Kidoti, na nilimkuta anamfunga mbwa kwa kamba kwenye mguu wa meza kwa sababu alikuwa anatembea kama mlevi, miguu inapitana, anaanguka kwenye viatu. "Nikajua ameninywea gongo," akaniambia, "maana mbwa wa Mchaga huwezi jua." Alikuwa anatania lakini macho yalikuwa na huruma. Jangwani mama mmoja mwenye kibanda cha unga alikuwa na mtoto wa Malkia, mbwa mkubwa wa miaka minne, mzima, mkali, hajawahi hata kukohoa, na pembeni yake mtoto wa Sista aliyekufa wiki iliyopita. Maji yaleyale, chakula kilekile, na Bakari hajawahi kukanyaga Jangwani. Nilirudi kwa miguu nikihesabu vidoleni. Wa Malkia wazima wote. Wa Sista na Binti, katika kila wanne mmoja, wakati mwingine wawili.

Daktari wa mifugo nilimpata Ilala, kwenye chumba kimoja nyuma ya gereji, jina lake Lugano, Mnyakyusa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimpelekea Kidoti kwenye kapu. Akampima kwa kumchezesha tu pale juani, mbwa akaanguka, akamtazama bila haraka huku mimi nammwagia maji. "Hii siyo sumu," akasema. "Huu ni ugonjwa wa neva, wa kurithi. Wenzetu nje wana maabara ya kupima damu wakaujua kabla, sisi hapa tunapima kwa macho." Nikamwambia baba yake mzima, mama yake mzima, ameurithi kwa nani? Akavua kandambili zake akaziweka juu ya meza. "Kila mbwa anapewa ndala mbili. Moja na baba, moja na mama. Moja ikiwa imekatika mkanda, unaburuza, unafika, na mtu akikuona hajui kitu. Huyo Komando wenu ana moja mbovu. Malkia zake nzima zote, ndiyo maana watoto wa kwanza walitembea. Lakini binti zake baadhi walirithi ile mbovu ya baba. Sasa mmemrudisha binti kwa baba, kila mmoja ana mbovu yake. Mtoto akipewa mbovu ya huku na mbovu ya huku, anatembea peku." Nilimuuliza dawa. Akasema dawa ni kumhasi Komando na kutozalisha tena ukoo ule. Halafu akaniuliza kwa nini nalia, mbwa mwenyewe bado yuko hai.

Nilimwambia Mama Manka jikoni kwangu, kwenye paa, siku ya pili mchana. Alikuwa amepanda kuniletea ndizi na nyama kwenye hotpoti, tukala pamoja, na baada ya kunawa nikamweleza yote, mpaka na ndala. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na niliona akili yake inavyokwenda: Malkia, Sista, Binti, Komando. Ilipofika mwisho uso wake ulikwajuka. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. Nilifikiri amekubali. Nikamwambia, "Mama, twende tukawaambie watu, Bakari apate kurudi." Akanitazama kama amenisikia kwa mara ya kwanza. "Niwaambie nini? Kwamba nilimlisha mtu sumu, na mbwa wangu ndio wabovu? Akifa je, Zuhura? Utaniletea wewe chai gerezani Segerea?" Akainuka. Akachukua mchi pale kwenye kinu, akaenda chumba cha mbwa. Walikuwa watoto sita mle ndani, wengine wazima, wengine sijui, na wote walimkimbilia kwa sababu ndiye aliyekuwa anawaletea mifupa. Alipiga kwa mikono miwili, kama anatwanga. Nilimng'ang'ania kiuno akanitupa ukutani kwa kiwiko. Sista alikuwa analia kwenye mnyororo, anajirusha mpaka mnyororo unamnyonga, na Mama naye alikuwa analia, machozi yanamdondoka kwenye damu, lakini mikono haikusimama. Wa mwisho alipiga mara nyingi kuliko wengine. Kisha akaegemea mlango, anahema. "Haya," akasema. "Mgonjwa hakuna tena. Komando anabaki. Na wewe ukifungua mdomo, nitakuonyesha."

Hakujua kwamba Kidoti alikuwa bado kwenye kapu, chini ya kitanda changu.

Nilisubiri siku mbili, na sisemi nilikuwa napanga, nilikuwa naogopa. Siku ya tatu saa saba mchana nikashuka na kapu. Mbele ya duka palikuwa pamejaa, makuli wamemaliza kushusha kontena, wanakunywa maji ya kandoro, yale ya vifuko. Nikaweka kapu juu ya kreti, nikamtoa Kidoti, nikamrushia mpira wa soksi juani, akakimbia, akarudi, akakimbia, na kwa mara ya tatu akaanza kusugua uso. Watu wakaacha kunywa. Nikasema kwa sauti, "Bakari yuko wodini mwezi wa pili huu. Haya niambieni, huyu nani kampa sumu?" Mbwa akaanguka, ngozi inatembea, povu linatoka, wote wanaona. Nikawaambia juu ya Komando na binti zake, juu ya wa Mchikichini na wa Jangwani. Mzee mmoja muuza viungo akasema taratibu, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," na wengine wakaitikia. Mama Manka akanifikia kutoka ndani, na alikuwa na kufuli la mlango wa duka mkononi. Alinipiga nalo hapa, kwenye taya. Nilisikia jino linavunjika kabla ya kusikia maumivu.

Damu yangu ndiyo iliyowasha moto. Kijana wa mkokoteni, yuleyule wa kisigino, akasogea mbele akaniuliza, "Dada Zuhura, siku ile nani alisema sumu? Sisi tulisikia sumu tukaja. Nani alisema?" Watu wakanigeukia. Mama Manka akaninyooshea kidole. "Ni huyu," akasema. "Ni huyu alishuka ngazi akiita. Mimi nilikuwa ndani." Alikuwa anasema kweli. Na mimi nikasimama pale, mdomo umejaa damu, mtoto wa mbwa anakakamaa miguuni pangu, nikamtazama yeye, sikusema kitu. Nilimtazama tu. Wakaona mtu aliyepigwa anamtazama aliyempiga, na wakaamua wenyewe. Mabeseni yakaanza kuruka. Chupa za chai zikapasuka barabarani moja baada ya nyingine, na Mama Manka akavutwa nje kwa kitambaa chake cha kichwa. Walimvunja mkono, niliusikia. Alipiga kelele kwa Kichaga, neno moja, mara nyingi, nadhani alikuwa anamwita mama yake. Kidoti alikanyagwa na viatu vya watu, na nilipompata hakukuwa na haja ya maji.

Kesho yake asubuhi nikapika uji wa mchele, laini, usio na sukari, kwa sababu mke wa Bakari aliniambia tumbo la mumewe halipokei kingine, nikaenda wodini. Bakari alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilimwamkia, akaitika marahaba kwa sauti iliyokwaruza. Nikamwambia, haraka haraka, taya langu limevimba maneno yanatoka nusu, kwamba mtaa mzima sasa unajua, ni ugonjwa wa damu ya mbwa, kwamba meza yake makuli wenyewe wamesema watamchongea mpya, anaweza kurudi. Akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Akasema alhamdulillahi, mara nyingi. Nikaona ameridhika, nikajipa moyo, nikaongeza, "Na Mama Manka naye wamemshikisha adabu. Wamemvunja mkono na duka wamelivunja."

Akafumbua macho. "Kwa nini?"

"Si yeye aliyekumiminia?"

"Hilo nalijua, nilikuwepo." Akavuta shuka hadi kifuani. "Nakuuliza wamemvunja kwa lipi. Kwa kunimiminia, au kwa kusema sumu?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Chumba kilikuwa kimya, wagonjwa wengine wamelala, hakuna mtu wa mtaani, hakuna wa kunipiga. Nikasema, "Kwa kusema sumu. Si ndiye aliyesema."

Bakari alinitazama bila hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo. Akasema, "Mdogo wangu, nilikuwa kwenye ngazi. Uliniruka kichwani ukiita sumu." Halafu akageukia ukutani. Nilikaa mpaka uji ukapoa na kushika ngozi juu, nikisubiri anigeukie nimwombe radhi, na muuguzi akaja akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Wiki iliyofuata ndugu zake walikuja kumchukua kumrudisha Newala. Kariakoo hakurudi tena, na nikiulizwa na watu wa kule nyumbani kama niliwahi kukutana naye Dar, huwa nasema hapana.